Mama, Tua Lile Kopo

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwadila. Nakusalimia kwa salamu ya mchana kwa sababu siku hizi tunaonana mchana. Ulipokuwa hai ulizoea kunitania kwamba mimi nalala hata nikiwa natembea, na sasa nina mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Kahama, kwa hiyo tabia imepata mahali pa kukaa. Ikifika saa nane wateja wanapungua. Najinyoosha juu ya magunia, mashine ya jirani inanguruma, vumbi la pumba linaelea kwenye miale inayopenya matundu ya bati, na wewe unakuja.

Unakuja vilevile kila mara. Umejifunga ile kanga ya kijani iliyopauka, miguu ina tope hadi kwenye vifundo, kama mtu atokaye mwaloni kusuuza mchanga wa dhahabu. Kifuani umelikumbatia lile kopo. Nasema, shikamoo Mama. Unaitikia marahaba, lakini mikono imejaa, huwezi kunishika. Nakukaribisha, huketi. Unanitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa, halafu mteja anagonga bati, "Baba Mashine! Tukoboe basi, jua linaondoka!" Naamka na alama za gunia shavuni, na wewe umeshaenda.

Ndiyo, Mama, naitwa Baba Mashine. Wenzangu ni Baba Neema, Baba Kulwa, Baba Joni. Mimi wateja walikosa jina la mtoto wa kuniitia, wakanipa la mashine. Mwanzoni liliniuma. Sasa naitika, na wakati mwingine nacheka nao.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelijua baada ya wewe kuondoka, na naamini ndilo lililokuwa linakufanya usiketi. Barua nimeiacha wazi, yeyote aisome, maana sidhani kama ni wewe peke yako uliyebeba mzigo wa namna hii. Wako akina mama wengine, leo hii, wana vichanga vya kiume mikononi na wana hofu ileile.

Nianze na kopo lenyewe. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye picha ya mtoto mnene iliyochubuka mpaka vikabaki shavu na jicho moja. Mdomo uliufunga kwa kipande cha kanga na kamba ya katani. Ndani mlikuwa na udongo, na hilo tu ndilo nililolijua. Tulipohama kutoka kambi ya wachimbaji nilikozaliwa, huko vichakani Geita, kwenda kupanga chumba Kalangalala mjini, baba alibeba godoro, mimi nikabeba kuku, wewe ukabeba kopo. Baba alipochoka kushuka mashimoni akaamua tukauze mitumba Buseresere, vyombo vikapakiwa nyuma ya lori, nawe ukakaa mbele, mimi pembeni yako, kopo mapajani.

Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi. "Mama, humo kuna nini? Asali?"

"Kuna mtoto wangu," ukamjibu.

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, nikiwa nimekaa palepale, mtoto wako mzima mwenye magoti machafu. Wewe hukucheka. Ulilisogeza kopo likae vizuri, ukatazama barabara.

Sasa nikuombe radhi kwa lile la mtoni, ingawa najua ulishasamehe. Unatujua watoto wa kambini, akili yetu ilikuwa moja. Kwetu hakuna mtu aliyehama na udongo bure. Udongo uliofungwa kwa kamba ulikuwa udongo wenye kitu. Tuliwaona wakubwa wakificha mchanga wao chini ya vitanda, wakiusubiri siku ya kuusuuza. Basi nilipokuwa na miaka kama kumi na mmoja nilipiga hesabu zangu nikazimaliza: baba aliwahi kupata udongo mnono, mama anautunza, na siku nitakayoufungua nitakuwa nimewatoa kwenye mitumba. Uliondoka kwenda gulioni na beseni lako la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikatoa kopo uvunguni, nikachukua karai, nikaenda kwenye kile kijito nyuma ya nyumba.

Nilisuuza kama nilivyokuona ukisuuza. Unazungusha, unamwaga cha juu, unaongeza maji, unazungusha. Nilichukua muda mrefu, jua lilikuwa tulivu, maji yalipita yakiwa mekundu kisha yakawa meupe. Na mwishoni kabisa, Mama, chini ya karai ukabaki mchanga mweusi kidogo, na ndani yake chembe moja ya njano, ndogo kuliko punje ya ulezi. Nilipiga kelele peke yangu. Nilikimbia na karai nikakukuta unarudi, beseni kichwani.

"Mama! Ipo! Nimeiona!"

"Nini ipo?"

"Dhahabu! Ile ya kwenye kopo!"

Ulitua beseni polepole. Ukachungulia ndani ya karai. Hukuitazama ile chembe, ulikuwa unatafuta kitu kingine.

"Udongo uko wapi?"

"Nimeusuuza."

"Wote?"

"Wote, Mama. Umeenda na maji."

Ukakaa chini. Palepale kwenye tope, na gauni lako zuri la gulioni. Nilidhani unakaa ili uvue kandambili unichape nayo, nikasogea nyuma. Hukunichapa. Baadaye ukainuka, ukakifuata kile kijito hatua chache kuelekea maji yalikokwenda, ukasimama unayatazama kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kisha ukapiga magoti pale nilipokuwa nimemwagia, ukazoa tope kwa viganja viwili, ukalijaza kopo upya. Ile chembe uliinasa kwa ncha ya kidole ukaitia humohumo. "Twende ukale," ulisema. Nilichapwa kwa kuvunja sahani, nilichapwa kwa kuchelewa na mbuzi, lakini kwa lile sikuguswa, na nilikaa miaka mingi bila kuelewa kwa nini.

Kuna mengine sikuyaelewa. Ulivyokuwa ukiniangalia wakati wa kuoga hata nilipokua mkubwa wa kujiogesha, mpaka nikakufukuza. Ulivyomtuma baba aje aniulize nilipobalehe, naye maskini akaniuliza huku anatazama ng'ombe wa jirani, "Eeh, Mabula, na kule kwingine mambo yanaenda?" Nikajibu yanaenda. Akakohoa, akaondoka haraka. Nilimwona anakunong'oneza jikoni, nawe ukafunika uso kwa kanga. Nilidhani unacheka.

Halafu nikamwoa Leticia. Siku ile ulicheza mpaka vumbi likapanda, ukamvisha mkamwana wako kanga yako mwenyewe, ukamwita "mama yangu". Alifungua kibanda chake cha cherehani mita chache kutoka kwenye mashine, na ukitoka kijijini, mlikorudi na baba, kuja kututembelea ulikuwa hufikii kwangu, unafikia kwake. Mwaka ukapita, ikapita miwili, ikapita mitano. Watu wakaanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Alipewa dawa za mizizi na wanawake wasiomjua hata jina. Alizinywa, baadaye akaacha, akasema tumbo lake si shimo la kumwagia.

Na mimi? Mimi nilinyamaza, Mama. Hapa nataka nikuambie kweli. Leticia aliniambia mara mbili twende wote tukapime, mara zote mbili nikasema kuna mpunga mwingi umeingia. Nilikuwa na ule ujinga wa wanaume wa kwetu, kwamba mwanamume anayekula vizuri na kulala vizuri hana cha kupimwa. Niliacha watu wamtaje yeye. Kila walipomtaja, mimi nilikuwa nimepumzika.

Unakumbuka kikao baada ya matanga ya baba. Shangazi Minza alifungua mazungumzo bila hata kunawa mikono. "Kaka yangu amekwenda hajaona mjukuu. Huyu binti arudi kwao, au Mabula aongeze mke. Gumu liko wapi hapo?" Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitazama kucha zangu. Leticia alikuwa jikoni anasonga ugali wa haohao waliokuwa wanamjadili, na dirisha lilikuwa wazi.

Wewe ndiye uliyesimama. Ulikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Wifi, yule binti hana kosa. Hata dogo. Mkimgusa, mmenigusa mimi."

"Sasa kama si yeye, mwenye kosa ni nani?" akauliza Shangazi.

"Mimi."

Kisha mmoja wa wazee akasema Mama Mabula ana huruma sana, na wengine wakasema kweli, na kikao kikahama kwenye mambo ya shamba. Ulikuwa umekiri mbele ya ukoo mzima, Mama, na hakuna aliyekusikia. Hata mimi. Nilijivuna tu kwamba nina mama shujaa.

Ulipougua, miguu ikajaa maji na moyo ukachoka, tulikuleta hapa kwetu. Leticia alihamishia cherehani sebuleni ili ashone akiwa karibu nawe. Nikirudi kutoka kwenye mashine nilikuwa nawasikia mnaongea taratibu, nikiingia mnanyamaza. Nilidhani mnanisengenya. Niliwatania, "Semeni tu, nimeshazoea," nawe ukatabasamu kidogo ukageukia ukutani. Jumanne moja asubuhi, Leticia akiwa anakulisha uji, uliacha kumeza. Tulikurudisha kijijini tukakulaza kando ya baba.

Baada ya arobaini yako Leticia alinijia akiwa amevaa viatu vya safari. "Sijakuomba kitu mwaka huu," alisema. "Leo naomba. Twende Mwanza." Safari hii mpunga ulikuwa mwingi kweli, lakini nilifunga mashine.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo kuliko wangu, amejitanda ushungi vizuri, sauti yake ya chini. Kwanza walipima mbegu zangu kwa hadubini. Aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba zina vichwa vikubwa kupita kawaida na haziwezi kutunga mimba. Leticia akaupumua mzigo wa miaka tisa, nikausikia ukitoka. Wakachukua damu yangu, ikapelekwa nje ya nchi, tukarudi Kahama kusubiri. Wiki zile nilikoboa mpunga kama mtu aliye chini ya maji. Tulipoitwa tena, daktari akachukua kalamu akachora duara kwenye karatasi, ndani ya duara akachora nyuzi.

Nikueleze nilivyoelezwa. Kwenye kila seli ya mwili wetu kuna maandishi ya maelekezo, na kila elekezo linaitwa jeni. Moja ya hizo wanaiita kwa herufi tano, AURKC. Hiyo inafanya kazi hasa kwenye zile seli zinazotengeneza mbegu za uzazi, na kinachotokana nayo ni kimeng'enya. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kupita kwenye protini nyingine na kuzibandika alama ndogo, ili zijue kwamba zamu yao imefika. Inahitajika pale seli inapotakiwa kugawanyika, kila mbegu iondoke na fungu lake. Kwangu, katika maandishi yale, herufi moja haipo. Moja tu. Kwa hiyo kimeng'enya hakikamiliki, alama hazibandikwi, na seli inabaki imefungamana.

"Yaani mpunga umeingia," nilimuuliza, "mashine inazunguka, lakini mchele na pumba havitengani, vinatoka pamoja?"

Alifikiri, akacheka kwa mara ya kwanza. "Baba, nitawaeleza wengine hivyohivyo."

Alisema jina la ukoo wa jeni hiyo limetokana na mianga ya rangi inayocheza angani katika nchi za baridi kali. Kijani, zambarau, inapepea kama pazia. Mimi nilikaa pale kwenye kiti cha hospitali nikiiwaza hiyo mianga, nikawaza jinsi ulivyokuwa unapenda kutazama radi za mbali upande wa ziwa kabla mvua haijafika, nikajikuta nasikia sauti ya daktari kama inatoka chumba kingine.

Nikamuuliza kuhusu zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Nilisema nataka nikuambie kweli. Nilijua ulikuwa unaishika kwa mikono mitupu ukiwa na mimi tumboni, na moyoni nilishaanza kukulaumu. Alitikisa kichwa. Zebaki ina madhara yake, alisema, watu waiogope, lakini herufi hii haikuondolewa na zebaki. Nimezaliwa bila hiyo herufi.

"Imetoka kwa nani?" niliuliza.

"Kwa wazazi wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii. Mama yako alikuwa na nzima moja na pungufu moja. Baba yako vivyo hivyo. Mtu mwenye nzima moja hana tatizo lolote. Wewe ulipewa pungufu zote mbili."

"Wangeweza kujua?"

"Wangejuaje? Haiumi. Haionekani. Hakuna walichokosea."

Akatuambia pia kwamba kwa sasa hakuna dawa ya kuirudisha ile herufi, ila zipo njia nyingine za kulea mtoto, na tukiwa tayari turudi tuzizungumze. Leticia alikunja ile karatasi yenye duara akaitia kwenye mkoba wake. Tulirudi Kahama.

Siku ya pili tulikuwa tunakula kwenye kibanda chake. Nikasema, "Afadhali Mama amekwenda hajayasikia haya."

Leticia akaweka bakuli chini. "Mama alikwenda na yake," alisema. "Aliniapisha nisikwambie. Lakini kama nakwambia kwamba alikosea, sidhani kama navunja kiapo."

Ndipo aliponieleza, na wewe nisahihishe kama kuna nilipokosea. Nilikuwa na siku sita tangu nizaliwe. Ulitakiwa ukae ndani, unikande, unitunze mpaka kitovu kidondoke, lakini kule kambini mtu aliyekaa ndani alikaa na njaa. Ukanibeba ukaenda mwaloni. Ukanilaza kwenye nusu pipa, juu ya kanga, ukainama kwenye maji yako. Uliporudi kunigeuza ukakuta kitovu kimedondoka. Na kilikuwa kimedondokea pale ambapo tangu utoto ulikuwa unaonywa kisidondokee kwa mtoto wa kiume, kwamba kikimgusa hapo hatazaa. Hukupiga kelele. Ulitazama kulia na kushoto, ukakitoa, ukakifukia palepale kwenye mchanga wa mwalo. Ukamwambia bibi mmoja tu, mkunga wa pale kambini, naye akakwambia uzoe udongo wa mahali ulipokifukia, uutunze, usitengane nao, na siku nitakapopata mtoto uuchanganye na udongo wa kitovu chake, mambo yatakuwa sawa.

Basi humo ndimo nilimokuwa. Ulimwambia dereva ukweli.

Nilimwacha Leticia na bakuli lake nikarudi kwenye mashine. Niliingia nyuma kwenye lundo la pumba nikakaa, na nililia, Mama. Nililia kwa ajili ya kijito kile. Nilikuwa nimesimama mbele yako na karai, nacheka, nakuonyesha chembe ya njano, na wewe ulikuwa unatazama uzazi wangu ukienda na maji. Uliamini hivyo. Ukanipeleka nyumbani ukanipakulia ugali. Ukalibeba tope lile miaka yote iliyofuata, ukijua kwamba huenda hamna kitu tena ndani yake, ila huna kingine cha kubeba.

Na Leticia akanieleza la mwisho. Ulimpa kopo, ukamwambia: "Mwanangu, ukitaka kuondoka, ondoka. Hutakuwa umekosa. Nilimwacha mtoto nikafuata dhahabu." Alilificha chini ya meza ya cherehani. Miezi yote ile alikuwa anashona huku miguu yake inagusa kopo langu. Nilimuuliza kwa nini hakuondoka. Alisema, "Nilikuwa namalizia sare za shule." Halafu akanifuta pumba usoni.

Sasa nisikilize, Mama. Ulinilea nisikudanganye, na nikikudanganya sasa utanijua hata ulipo. Sitakwambia kwamba hakuna kilichotoka kwako. Kilitoka. Nusu yake ilitoka kwako, nusu kwa baba. Ila hakikudondoka siku ile mwaloni. Kilikuwemo ndani yangu kabla hujaniona sura, kabla hujajua kama una mimba. Nilikipata pamoja na huu mwanya wa meno, ambao ni wako, na huu usingizi wa mchana, ambao Shangazi anasema ni wa baba, na hiki kicheko kinachowafanya wateja wako wa zamani wa michembe wanipe mkono sokoni wakasema, huyu ni wa Mama Mabula. Vyote vilikuja kwenye mkono mmoja. Hukuchagua kipi unipe na kipi unibanie. Kitovu kilikuwa kitovu tu, Mama, kilikauka, kikadondoka palipokuwa karibu. Ulikwenda mwaloni kwa sababu tulitaka kula. Hukukosa.

Jumamosi iliyopita mimi na Leticia tulikwenda kijijini. Nilimwita Shangazi Minza na wazee walewale, tukakaa palepale, dirisha la jikoni wazi. Safari hii Leticia alikaa kwenye kiti, mimi ndiye niliyesimama. Nikasema mtoto hajapatikana kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mke wangu, na kwamba mimi mwenyewe niliogopa kupima nikamwacha ateseke. Nikaitoa karatasi yenye duara. Shangazi aliigeuza juu chini, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe siku ile Mama Mabula alisema kweli kwamba kosa ni lake?" aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Alijisingizia, na hakujua kwamba anajisingizia."

Shangazi alikunja karatasi ikawa ndogo kabisa. Akamrudishia Leticia, si mimi. Kisha akamwomba maji ya kunywa, kwa kumwita "mwanangu", na alipoletewa akayapokea kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akipokea kitu chochote hivyo.

Tukaja kwako. Nyasi zilikuwa zimeota pembeni ya saruji, tukazing'oa. Leticia alikata kamba ya katani kwa mkasi wake wa kushonea, nami nikaumwaga ule udongo kando ya kichwa chako, taratibu, mpaka kopo likawa tupu. Ulikuwa mkavu, mwepesi, rangi ya kahawia. Kulikuwa na jua, na najua kwamba mahali fulani humo ile chembe ilikuwemo.

"Huitafuti?" Leticia aliniuliza.

Nikasema aah, hiyo ni ya Mama.

Kopo tumerudi nalo. Ameliosha, analitumia kuwekea vifungo, na lile shavu moja la mtoto linatutazama tukila. Kuhusu mtoto, Mama, bado tunazungumza. Tutarudi kwa yule daktari mpunga ukipungua. Sijaahidi lolote, na Leticia hajaniomba niahidi.

Ila tangu Jumamosi nimelala mchana mara nne, na hujaja. Mara ya kwanza nilifurahi, nikasema umepumzika. Mara ya pili nikaanza kukutafuta. Jana nilijinyoosha mapema kabisa, nikawafukuza wateja, nikamwomba jirani awashe mashine yake hata kama hana cha kukoboa. Akawasha, akaniona nimerukwa na akili. Vumbi likaelea, mwanga ukapenya, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nimekukumbuka sana. Sikujua kwamba nikikutua mzigo nitakuwa nimekunyima sababu ya kuja.

Njoo hata bila sababu. Njoo saa nane, mlango uko wazi, gunia la kukalia nimelikung'uta. Usibebe kitu. Nitakuamkia, wewe utaitikia, na safari hii mikono yako itakuwa mitupu, utanishika.

Ni mimi mwanao, ambaye hayumo tena ndani ya kopo,

Mabula